Kitabu Kilichookolewa kwa Kunakiliwa: Habari za Nota za Bach na Sahani za Santuri

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kitabu kimoja cha nota za kinanda, kilichoandikwa katika nchi ya Ujerumani mwaka 1722. Kitabu hiki kilikaa karibu miaka 80 bila ya kupigwa chapa, na mwenyewe aliyekitunga alikufa asikione kimetoka mtamboni. Walakini hakikupotea. Leo hii kinachezwa popote watu wafundishwapo kupiga piano. Je, kiliokoka namna gani? Hakikuokolewa na mfalme, wala na jeshi, wala na sheria. Kiliokolewa na watu waliokipenda, wakakinakili kwa mkono, wakaazimana, wakapelekeana kutoka mji hata mji. Habari hizo ndizo nitakazozieleza, na baada yake nitaonyesha jinsi desturi ile ile ilivyorudi katika zama za santuri.

Kwanza yafaa tujue nota ni nini. Nyimbo nyingi hukaa kichwani; mtoto huzisikia kwa mamaye, naye akikua huwaimbia wanawe. Lakini uko muziki ambao mtu mmoja, kwa mikono yake miwili, hupiga sauti tatu au nne kwa wakati mmoja, kila sauti na njia yake. Muziki wa namna hiyo ni mzito kuuweka kichwani peke yake, basi watu wa Ulaya waliutia katika karatasi kwa alama. Huchora mistari mitano, na juu ya mistari hiyo hutia vidoa. Kidoa kikiwa juu, sauti ni ya juu, kikiwa chini, sauti ni ya chini. Mwenye karatasi hiyo, akijua kuisoma, aweza kuupiga muziki wa mtu aliyekufa miaka 100 iliyopita. Asiye nayo hawezi. Kwa hiyo karatasi ya nota ilikuwa mali, na penye mali hapakosi wenye kuazima, wala hapakosi wenye kuficha.

Mtungaji wa kitabu chetu ni Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach. Jamaa yake walikuwa mafundi wa muziki kwa vizazi vingi. Alipokuwa na umri wa miaka 9 alifiliwa na mamaye, na mwaka uliofuata akafiliwa na babaye pia. Basi yatima huyu akachukuliwa na nduguye mkubwa, jina lake Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda cha kanisa katika mji mdogo wa Ohrdruf. Huyo nduguye ndiye aliyemfundisha.

Nduguye alikuwa na kitabu cha nota za mabingwa wa zama zile, nacho alikitia katika kabati lenye mlango wa vijiti vilivyopishana kama wavu. Mtoto alikiomba mara nyingi, akanyimwa. Hata usiku, watu wakiisha kulala, akawa akipitisha mkono wake mdogo katikati ya vijiti vile, akikikunja kitabu ndani ya kabati, maana kilikuwa na jalada la karatasi tu, kisha akikitoa. Taa hakuwa nayo, kwa hiyo alinakili kwa mwanga wa mwezi. Kazi hiyo ilimchukua miezi 6. Alipomaliza, alianza kuitumia nakala yake kwa siri, lakini nduguye akagundua, akamnyang'anya. Habari hii imo katika taarifa ya maisha yake iliyopigwa chapa mwaka 1754, na mmoja wa walioiandika alikuwa mwanawe mwenyewe, Carl Philipp Emanuel.

Nakala ile hatunayo. Walakini ziko nyingine za ujana wake. Mwaka 2006 wataalamu walikuta katika maktaba ya mji wa Weimar karatasi za nota zilizonakiliwa na Bach alipokuwa bado mwanafunzi. Ndani yake zimo kazi za Buxtehude na Reincken, mabingwa wa vinanda vya kanisa katika Ujerumani ya kaskazini. Mojawapo ina tarehe ya mwaka 1700, naye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 15. Basi twaona ya kuwa mtu huyu alijifunza kazi yake kwa kunakili kazi za wenziwe waliomtangulia.

Mwaka 1722, akiwa mtumishi wa mtawala katika mji wa Köthen, Bach alimaliza kitabu alichokiita kwa maana hii: Kinanda Kilichosawazishwa Vema. Tulieleze jina hilo. Mtazame mtu mbele ya piano. Kati ya do moja na do ifuatayo kuna vibao 12, vyeupe 7 na vyeusi 5, na kila kibao chaweza kuwa mwanzo wa ngazi ya sauti, yaani do. Tena kila ngazi ina namna mbili: moja ya uchangamfu na moja ya majonzi. 12 mara 2 ni 24. Katika vinanda vingi vya kale, nyuzi zilikazwa kwa namna ambayo baadhi ya ngazi hizo zilisikika tamu, na nyingine zilikwaruza masikio, hata watungaji wakaziepuka. Bach alitaka kuonyesha ya kuwa kinanda kikisawazishwa kwa ufundi, ngazi zote 24 zaweza kutumika. Basi kwa kila ngazi alitunga wimbo wa kutangulia, uitwao preludi, na nyuma yake fuga.

Fuga ni neno lenye maana ya kukimbia. Sauti ya kwanza hutoa wimbo peke yake. Kisha sauti ya pili huupokea wimbo ule ule, na ya kwanza haikomi bali huendelea na maneno mengine. Kisha huja ya tatu, pengine na ya nne. Ni kama wazee barazani, mmoja ameleta shauri, wengine wanalipokea, kila mmoja kwa sauti yake, wala hakuna anayemfunika mwenziwe. Miaka 20 hivi baadaye, akiwa katika mji wa Leipzig, Bach akatunga juzuu ya pili ya preludi na fuga nyingine 24. Katika ukurasa wa kwanza wa juzuu ya kwanza aliandika ya kuwa kazi hiyo ni kwa ajili ya vijana wapendao kujifunza, na pia kwa waliokwisha kupata ujuzi.

Sasa mtu aweza kuuliza: mbona hakukipiga chapa? Sababu ni gharama. Siku hizo nota zilichorwa kwa chuma chenye ncha juu ya mabamba ya shaba, kidoa kwa kidoa, ndipo zikapigwa chapa. Kitabu kikubwa kilihitaji mabamba mengi na mshahara wa fundi wa miezi mingi, na wanunuzi walikuwa wachache. Tunao ushahidi wa hayo. Kitabu chake cha mwisho, kiitwacho Ufundi wa Fuga, kilipigwa chapa mwaka 1751, baada ya kufa kwake. Hata ulipofika mwaka 1756 zilikuwa zimeuzwa nakala 30 tu hivi, na mwanawe akatangaza kuyauza mabamba yale ya shaba.

Kwa hiyo wanafunzi wake walinakili. Ilikuwa ndiyo desturi ya chuo chake: anayetaka kujifunza, na akae, achukue kalamu, aandike. Yuko mwanafunzi mmoja, jina lake Heinrich Nikolaus Gerber, aliyefika Leipzig mwaka 1724 kusoma sheria, akawa mwanafunzi wa Bach. Mwanawe alieleza baadaye ya kuwa Bach alimpigia Gerber kitabu kile chote, tangu mwanzo hata mwisho, mara 3. Na saa hizo Gerber alizihesabu kuwa miongoni mwa saa zilizompendeza kupita zote za maisha yake. Mkewe Bach, Anna Magdalena, naye alikuwa mnakili mwenye mwandiko mzuri, na alimsaidia mumewe kuandika juzuu ya pili.

Bach alikufa tarehe 28 Julai 1750. Karatasi zake ziligawanywa kati ya warithi. Carl Philipp Emanuel alizitunza sehemu yake kwa uangalifu, akaziandikia orodha. Wilhelm Friedemann, mwana wa kwanza, aliingia katika shida ya fedha akaziuza zake, zikatawanyika. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Taarifa ile ya mwaka 1754 yasema ya kuwa Bach aliacha nyimbo za ibada za kutosha miaka 5, yaani wimbo mmoja kwa kila Jumapili na kila sikukuu. Leo tunazo karibu 200, na nyingine kadiri ya 100 hazionekani. Mwaka 1731 aliongoza muziki wa Mateso kwa habari ya Marko. Maneno yake tunayo, muziki wake umepotea. Wala si kwamba kazi hizo zilikuwa mbaya. Kosa lao ni moja tu: hazikunakiliwa na watu wengi.

Sasa zilinganisheni hizo na kitabu cha kinanda. Juzuu ya pili, iliyo kwa mwandiko wa Bach na wa mkewe, imehifadhiwa katika mji wa London. Kila preludi pamoja na fuga yake iliandikwa katika karatasi ya peke yake. Katika karatasi hizo, jozi 3 kati ya 24 hazimo. Lau ingalikuwa ndiyo nakala pekee duniani, tungalikuwa na kitabu chenye mapengo matatu. Lakini mwaka 1744 mwanafunzi wake Johann Christoph Altnickol, ambaye baadaye alimwoa binti yake, alikuwa amekwisha kuinakili juzuu nzima, na wengine walinakili pia. Basi tunazo zote 24.

Nakala hizi zilisafiri. Kuanzia mwaka 1770 hata 1777 alikuwapo Berlin balozi wa Austria, Baron Gottfried van Swieten, mtu apendaye muziki mno. Huko Berlin walikuwako wanafunzi wa Bach na wanawe waliozidi kuzicheza kazi zake, ijapokuwa watu wa mjini walikwisha kupenda mitindo mipya. Balozi alipokwisha kazi yake alirudi Vienna na nota katika masanduku yake, akazikusanyia watu nyumbani kwake kila Jumapili saa 6 mchana.

Mmoja wa waliokwenda ni Wolfgang Amadeus Mozart, aliyekuwa na umri wa miaka 26. Mwezi wa Aprili mwaka 1782 alimwandikia babaye ya kuwa huenda huko kila Jumapili, na kwamba hapachezwi ila kazi za Händel na Bach, na kwamba yeye mwenyewe anakusanya fuga za Bach na za wanawe. Kisha akamweleza nduguye wa kike ya kuwa Baron amempa vitabu hivyo aende navyo nyumbani. Zingatieni jambo hilo. Yule nduguye wa Ohrdruf alifunga kabati, Baron alilifungua. Mozart alizipanga baadhi ya fuga za juzuu ya pili zipigwe na wapiga fidla wanne, na katika kazi zake za baadaye husikika wazi ya kuwa alijifunza mengi kwa mzee huyo aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Katika miaka hiyo hiyo nakala nyingine ilikuwa katika mji wa Bonn, juu ya mto Rhein. Mwalimu Christian Gottlob Neefe, aliyesoma Leipzig, alikuwa na mwanafunzi mtoto, naye akamfundisha kwa kitabu hicho. Mwezi wa Machi mwaka 1783 Neefe aliandika katika jarida la muziki ya kuwa mtoto huyo aweza kupiga sehemu kubwa ya kitabu cha Bach, na kwamba akisaidiwa atakuwa Mozart wa pili. Mtoto yule alikuwa na miaka 12, na jina lake ni Ludwig van Beethoven. Fikirini: kitabu kilikuwa bado hakijapigwa chapa, na Bach alikuwa amekufa miaka 33 iliyopita, walakini kilikwisha kufika mikononi mwa Mozart na Beethoven, kwa kalamu na wino tu.

Hatimaye, kuanzia mwaka 1801, wapiga chapa watatu walikitoa kitabu hicho karibu kwa wakati mmoja: Simrock wa Bonn, Nägeli wa Zürich, na Hoffmeister na Kühnel wa Leipzig. Tangu hapo kikaingia majumbani. Chopin alipokwenda kisiwa cha Majorca mwaka 1838, katika siku alizokuwa akimaliza preludi zake 24, alikuwa na nota za Bach. Mwaka 1850, ilipotimia miaka 100 tangu kufa kwake, wapenzi wa muziki walianzisha huko Leipzig chama cha kupiga chapa kazi zake zote. Kila mwanachama alitoa ada ya mwaka, naye akapata juzuu ya mwaka. Kazi hiyo ilidumu karibu miaka 50, zikatoka juzuu 46. Wengi walioianza hawakuwa hai ilipokwisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Hizo ndizo habari za karatasi. Sasa tuje kwenye sauti. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alifanya mashine ya kunasa sauti, na miaka 10 baadaye Emile Berliner akatengeneza ile ya sahani. Sahani hizo zilijulikana hata kwetu. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba ili sauti yake itiwe katika sahani, kampuni iliyomnasa ndiyo ile yenye picha ya mbwa asikilizaye pembe ya santuri. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokipata kitabu chetu cha mwaka 1722, nayo ilikutana na taabu ile ile iliyowazuia wapiga chapa wa zamani.

Taabu yenyewe ilikuwa hivi. Upande mmoja wa sahani kubwa ulichukua dakika 4 na kitu tu. Juzuu mbili za Bach huchukua karibu saa 4 kuzipiga. Zingehitajika sahani zaidi ya 30, tena nzito, za kuvunjika, na za bei kubwa. Nani atanunua? Kijana mmoja mtumishi wa kampuni, Walter Legge, alileta shauri: tusinase kwanza tukatafuta wanunuzi, bali tutafute wanunuzi kwanza. Watangaziwe watu; wakipatikana 500 wa kutoa fedha kabla, kazi ifanywe; wasipopatikana, iachwe. Mwaka 1931 shauri hilo lilijaribiwa kwa nyimbo za Hugo Wolf, mtungaji wa Austria ambaye watu wengi hawakumjua, nalo likafaulu.

Kuanzia mwaka 1932 hata 1935 Artur Schnabel, ambaye kwa miaka mingi alikataa kunaswa, alipiga sonata zote 32 za Beethoven kwa ajili ya wanachama. Na kuanzia mwaka 1933 hata 1936 Edwin Fischer, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, aliketi mbele ya piano huko London akazipiga preludi na fuga zote 48 za Bach. Yeye ndiye wa kwanza kuzinasa juzuu zote mbili nzima kwa piano. Kazi yake si kamili kwa kila kidole. Ziko mahali alipoteleza, maana siku hizo haikuwezekana kukata kosa na kuunga. Walakini mwenye kuisikia huona ya kuwa huyu hapigi kwa kujionyesha, bali azungumza. Nayo tunaisikia hata leo kwa sababu watu wasiojuana, walio mbali mbali, walikubali kutoa fedha zao kabla ya kusikia hata sauti moja.

Hata hivyo, jambo lililokusanywa kwa miaka mingi laweza kutawanywa kwa siku moja. Wanda Landowska, mwanamke wa Poland, alikuwa bingwa wa kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kupigwa kwa nyundo. Katika kijiji cha Saint-Leu-la-Forêt, karibu na Paris, alikuwa na chuo, na vinanda vya kale, na maktaba kubwa ya nota adimu. Mwaka 1940 majeshi ya Hitler yalipoikaribia Paris, alikimbia, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwezi wa Septemba watumishi wa Hitler waliingia katika nyumba yake, wakavitia vinanda na vitabu katika masanduku, wakavichukua. Sehemu kubwa ya nota zake haikurudi tena. Yeye alifika New York mwezi wa Desemba mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 62. Kuanzia mwaka 1949 hata 1954 alizinasa zile preludi na fuga 48. Maktaba yake iliibwa. Kitabu cha Bach hakikuweza kuibwa, maana kilikwisha kuwa mikononi mwa watu wengi mno.

Tena huko Berlin, chama cha waimbaji kiitwacho Sing-Akademie kilikuwa na hazina ya maandiko, na ndani yake zimo nyingi za jamaa ya Bach, hasa za Carl Philipp Emanuel. Mwaka 1943, kwa hofu ya mabomu, zilipelekwa mashariki zikafichwa. Vita vilipokwisha hazikuonekana. Zaidi ya miaka 50 watu walizihesabu kuwa zimeteketea, mpaka mwaka 1999 zilipokutwa katika mji wa Kyiv, nazo zikarudishwa Berlin mwaka 2001. Hazikuungua, lakini muda huo wote, kazi zilizokuwamo humo peke yake zilikuwa kama zimekufa, kwa sababu wapiga muziki hawakuzipata.

Kwa kuyaona hayo, wapenzi wa piano hawakulala. Mwaka 1965 wakusanyaji wa sahani na nota katika mji wa Cleveland, Marekani, walianzisha maktaba ya piano, ili sahani za mabingwa waliokufa zisitupwe pamoja na vyombo vibovu. Maktaba hiyo ilihamia Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1977. Na mwaka 2006 kijana mmoja huko Kanada alianzisha katika intaneti maktaba ya nota, ambamo kila mtu huweka picha za vitabu vya zamani na mwingine huchukua bila ya kulipa.

Hapo likazuka swali la haki. Mwaka 2007 kampuni moja ya kupiga chapa ya Austria ilipeleka barua kali, ikisema ya kuwa kazi nyingine zilizomo bado zina wenyewe. Wakati huo sheria ya Kanada ililinda kazi ya mtungaji miaka 50 baada ya kufa kwake, na ya Ulaya miaka 70. Basi wimbo mmoja ulikuwa huru huku na umefungwa kule. Maktaba ilifungwa miezi 8, kisha mwaka 2008 ikafunguliwa tena. Si haki kuwalaumu tu waliopeleka barua ile. Mtungaji aliye hai hula kwa jasho lake, na mwenye kuinakili kazi yake pasipo idhini amemnyang'anya chakula. Wale waliotoa fedha zao kabla katika mwaka wa 1931 walituonyesha njia njema: aliye hai na alipwe, na kazi ya aliyekufa zamani na iwe ya watu wote.

Ndugu wasikilizaji, nimalize kwa jambo moja. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili viitwavyo Voyager, viende mbali kupita sayari zote wala visirudi. Katika kila kimoja walitia sahani ya santuri yenye sauti za dunia yetu. Humo imo preludi na fuga ya kwanza ya juzuu ya pili ya Bach, iliyopigwa na Glenn Gould wa Kanada. Na sahani ile ni ya shaba, iliyopakwa dhahabu. Kitabu kilichokosa mabamba ya shaba katika maisha ya mwenyewe, sasa kimeandikwa katika shaba, nacho kipo njiani katikati ya nyota.

Basi nanyi mlio na daftari la zamani sandukuni, au sahani ya babu yenu, au mwandiko wa mwalimu aliyekwisha kufariki, msiufanye kuwa siri. Unakilini. Andikeni jina la mwenyewe, na mwaka, na mahali. Mpeni mwenzenu nakala, na mkiazima mrudishe. Kabati la Ohrdruf lilikuwa na kufuli nzuri, lakini kitabu kilichokuwamo hakuna aliyekiona tena.